Shajara ya mradi: njia ya wazee kwenda eneo la wazi la mtaa wetu, Dar es Salaam

Mtaa wetu uko upande wa bonde la Msimbazi. Nyumba nyingi ni za Kiswahili za zamani, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kibaraza mbele. Tuna eneo la wazi lenye miarobaini mitatu na mkungu mmoja mkubwa, kivuli cha kutosha, upepo upo. Vijana wanacheza draft pale kutwa nzima, lakini wazee huwaoni. Wapo majumbani, wamekaa kitandani au kwenye kigoda nyuma ya mlango. Bustani kubwa za jiji, Mnazi Mmoja au ile Bustani ya Mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, kwao ni safari ya daladala, na mwenye magoti mabovu hawezi kugombania daladala kwa ajili ya kivuli.

Mimi ni karani wa kikundi cha mtaa kinachofanya kazi hii. Mitaa miwili ya jirani imeomba maelezo, kwa hiyo naandika hapa kila hatua inapokwisha. Bei ni zile tulizolipa sisi, kwa shilingi. Yaliyokwenda vizuri nayapita haraka.

20 Januari 2024: Kutembea kabla ya kununua saruji

Kwenye kikao cha kwanza wajumbe wengi walitaka maua, uzio na geti lenye jina. Fundi wa geti alishafika hadi na mchoro. Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyeuliza swali la maana: geti hilo atapita nani, kama wazee wenyewe hawafiki hata hapo lilipo?

Tukakubaliana tutembee nao. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, tukafuata hapo hapo. Tulimpigia hodi kila aliyekubali, tukatoka naye mlangoni kwake hadi chini ya mkungu, kwa mwendo wake, na mtu mmoja nyuma akiandika wapi kasimama, wapi kashika ukuta, wapi kageuza njia. Usiwaulize wazee barazani wanataka nini. Watakwambia "hatuna shida, mwanangu", wakuombee dua, na daftari litabaki tupu.

Karibu wote walikwama palepale. Mtaro wa maji ya mvua hauna mfuniko, upana sentimeta 80, na kivuko chake ni ubao mmoja unaocheza. Ukishavuka, ukingo wa eneo umepanda sentimeta 30 kwenda juu. Kati ya nyumba za mwisho na mkungu hakuna pa kupumzika hata kidogo. Bodaboda nazo zinapita popote.

Bibi mmoja tuliyemfikisha hadi kivulini kwa kumshika mkono alikaa juu ya mzizi, akapumua, akatazama kushoto na kulia, kisha akasema: "Kukaa si kazi, wajukuu zangu. Nikibanwa na mkojo hapa niende wapi?" Hilo halikuwa kwenye orodha ya mjumbe yeyote. Wengi wao wanatumia dawa za presha zinazowapeleka haja ndogo kila mara. Mtu wa namna hiyo anapima umbali wa safari kwa choo.

Maua yakaondolewa kwenye bajeti, geti pia.

11 Februari 2024: Karatasi

Kwa atakayeiga, mpangilio uliotufaa ni huu. Kwanza hakikisha kwenye mchoro wa mipango miji kwamba eneo hilo bado limeandikwa kuwa la wazi, maana maeneo ya aina hiyo humegwa kimyakimya. Kisha peleka hoja kwenye mkutano mkuu wa wakazi, iandikwe kwenye muhtasari, mtendaji wa mtaa apige muhuri. Baada ya hapo nenda kwa wenye barabara. Mitaro ya barabara za mtaa iko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na ukiifunika bila idhini utaambiwa ubomoe kwa gharama yako. Sharti tulilopewa ni kwamba mifuniko iweze kuinuliwa ili mtaro usafishwe. Tulitia saini bila kulitafakari vya kutosha sharti hilo.

Fedha zilitoka kwenye michango ya nyumba kwa nyumba, msikiti, kanisa na wafanyabiashara wawili waliokataa kutajwa.

9 Machi 2024: Mabenchi na mifuniko

Mabenchi manne ya chuma kwa fundi wa kuchomelea, 140,000 kila moja, jumla 560,000. Mifuniko minane ya zege yenye nondo, kila mmoja mita 1.2 kuvuka mtaro na mita 1 kwa upana, unene sentimeta 10, jumla 620,000 pamoja na vibarua. Kazi ilikuwa safi, picha zikapigwa.

Mabenchi ndiyo yaliyoanza kutuumbua. Fundi alikuwa ameyapima kwa kukaa yeye mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na kitu. Kiti kilikuwa sentimeta 38 kutoka ardhini. Babu wa nyumba ya kona alikaa vizuri, akacheka na wenzake, na alipotaka kuondoka hakuweza kunyanyuka. Benchi halikuwa na mkono wa kushikia wala pa kuegemea mgongo. Vijana wawili walimwinua kwapani, na mzee wa heshima yake hataki kuinuliwa kwapani mbele za watu. Hakurudi mwezi mzima.

Halafu kuna jua. Benchi lililokuwa nje ya kivuli lilishika moto hata ukiweka kanga chini hukai. Hakuna aliyehitaji kupima hilo kwa kipimajoto. Na kabla mwezi haujaisha benchi moja likatoweka usiku. Chuma chakavu kinauzwa kwa kilo, na benchi letu lilikuwa na kilo za kutosha.

27 Aprili 2024: Masika

Wanaokaa Dar es Salaam wanajua masika ya mwaka huu yalivyo. Maji yaliyotoka barabara ya juu, ile iliyo upande wa juu wa mtaa, yalikuja na chupa, mifuko ya salfeti na godoro zima. Vyote vikakwama chini ya mifuniko yetu, mtaro ukafurika, maji yakaingia nyumba tatu. Wenye nyumba walikuja na maneno, na walikuwa na haki.

Tukakimbilia kuinua mifuniko na haikuinuka. Piga hesabu: zege la mita 1.2 kwa mita 1 kwa sentimeta 10 lina uzito wa karibu kilo 290, halina pa kushika, na limekaa ndani ya matope. Ilibidi tuipasue kwa nyundo huku mvua inanyesha. Sharti la kwenye barua likaonekana wazi maana yake.

Marekebisho, ambayo ndiyo ninayoshauri mtu aanze nayo: mifuniko ya upana wa sentimeta 40 badala ya mita 1. Kila mmoja una karibu kilo 115 na kulabu nne za nondo zilizozama kwenye vishimo, zisije zikamkwaza mtu. Watu wanne wanainua bila fundi. Magari hayapiti juu yake. Yangekuwa yanapita, unene na nondo vingekuwa habari nyingine. Mifuniko 20 ilitugharimu 480,000. Kifusi cha ile ya zamani tulikihifadhi.

Sehemu moja tuliweka chekeche la chuma ili maji ya juu yaingie na uchafu uonekane, 180,000. Hapo angalia mianya. Fundi alileta chekeche lenye mianya ya sentimeta 4, imelala sambamba na mwelekeo wa mtu anavyotembea. Mkongojo wa bibi ukazama hadi nusu, bahati alikuwa ameshikwa. Fundi alirudishiwa akachomelee upya: mianya isizidi sentimeta 1.3 na ikate njia kwa mapana, ili ncha ya fimbo wala gurudumu dogo la wilicheya lisiingie. Hakutudai nyongeza. Chekeche limechomelewa kwenye fremu, kwa sababu ya wale wale waliochukua benchi.

5 Mei 2024

Jana Kimbunga Hidaya kilipiga Mafia. Kwetu yalikuwa upepo na mvua, na tawi la mkungu likaanguka juu ya mahali ambapo benchi lilitakiwa kukaa. Kupogoa matawi yaliyokufa: 60,000. Tungelipogoa mapema tungelipa hiyo hiyo, bila kutetemeka.

15 Juni 2024: Mabenchi, mara ya pili

Miguu ya zege iliyozikwa ardhini, mbao za mtiki juu, mikono miwili ya kushikia na mgongo ulioegemea kidogo. Tulimpeleka fundi kwa wazee, naye akaja na matofali. Alimkalisha bibi juu ya matofali, akaongeza moja, akapunguza, hadi alipoinuka mwenyewe mara kadhaa bila kushikwa. Urefu uliotoka ni sentimeta 47. Baadaye mtu alituonyesha kwamba miongozo ya usanifu inataja kati ya 45 na 50, lakini nadhani bibi angetufikisha huko huko.

Mkono wa benchi utokeze mbele hadi ukingo wa kiti. Ukiishia katikati, mtu hana pa kujisukumia. Na chini ya kiti pawe wazi, kwa sababu anayeinuka hurudisha miguu nyuma kwanza. Fundi alitaka kuziba pale kwa tofali "ipendeze".

Mabenchi matano, 130,000 kila moja, jumla 650,000. Mawili hayako kwenye eneo la wazi kabisa. Yako njiani, moja kwenye kona ya msikiti na jingine nje ya duka la Mpemba. Haya mawili yanatumika kuliko yote. Wajumbe waliouliza kwa nini tunapeleka mabenchi "nje ya mradi" wamenyamaza.

13 Julai 2024: Mteremko

Ukingo una kimo cha sentimeta 30. Kanuni inayotumika sana ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimeta 1 ya kupanda inataka sentimeta 12 za urefu, kwa hiyo sisi tulihitaji mita 3.6. Fundi alijenga mita 1.5, akasema mita tatu na ushee ni kumaliza uwanja. Alilipwa 230,000 kabla ya kukaguliwa, jambo ambalo halitarudiwa. Tulipomjaribu mama mmoja kwenye wilicheya, mwanawe aliweza kumpandisha kwa kusukuma kwa kifua. Kushuka walishuka kinyumenyume, mama amefumba macho.

Shida ya pili ilitokea mvua ndogo iliponyesha. Fundi alikuwa amepiga nili, ule mpako laini wa saruji, sakafu ikang'aa kama ya sebuleni. Kwa mafundi wetu sakafu isiyong'aa ni aibu, na ukimwambia aiache na makwaruzo anahisi unamharibia jina. Kandambili zilizolowa juu ya nili zinateleza hata kwa mtoto.

Tulibomoa. Kifusi cha mifuniko ya zamani kikawa kitako cha mteremko mpya: mita 3.6, upana mita 1.2, kingo ndogo pembeni gurudumu lisichomoke, na zege likapigwa fagio la chelewa likiwa bado bichi, mistari ikikata njia kwa mapana. Bomba la kushikia liko pande zote mbili, kimo cha sentimeta 90. Upande mmoja hautoshi, kwa sababu aliyepooza mkono wa kulia wakati wa kupanda ana bomba, wakati wa kushuka hana. Jumla 540,000 pamoja na mabomba.

Siku ya kwanza babu wa nyumba ya kona alipanda peke yake, akasimama juu, akamwambia fundi: "Sasa hii ndiyo kazi." Fundi naye sasa anajisifu kwa mistari ya fagio.

24 Agosti 2024: Bodaboda

Ukijenga njia laini isiyo na ngazi, mtu wa kwanza kuifurahia ni dereva wa bodaboda. Mteremko ukawa njia ya mkato kwenda barabara kubwa. Wazee wakaanza tena kubaki nyumbani, safari hii kwa kuogopa kugongwa.

Tulisimika vinguzo viwili, nafasi ya sentimeta 70 kati yake, 90,000. Matokeo: bodaboda wanainamisha usukani na kupita, na mzee wetu mwenye baiskeli ya miguu mitatu ya kuendesha kwa mikono hapiti kabisa. Yaani tulimfungia nje yule tuliyemjengea.

Vinguzo vikang'olewa. Badala yake kuna vizuizi viwili vya bomba vinavyopishana, kimoja kinatoka kushoto na kingine kulia, nafasi ya mita 1.5 kati yake. Mtembea kwa miguu anakata kona mbili. Wilicheya inapita. Baiskeli ya miguu mitatu inapita kwa kurudi nyuma mara moja, si raha, ila inapita. Pikipiki inabidi ishukwe na kukokotwa, na hakuna mwenye abiria anayetaka kuikokota. Gharama 160,000.

Bomba peke yake lisingetosha. Mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda aliitwa, akaja na wenzake, wakasema ukweli kwamba wanapita pale kwa sababu maji yanasimama kwenye njia yao. Tulijaza lile dimbwi kwa kifusi kilichobaki, nao wakajiwekea faini ya 5,000 kwa atakayepita kwa wazee. Inatozwa kweli. Nimeshuhudia ugomvi wake.

1 Oktoba 2024

Siku ya Wazee Duniani. Wageni walikuja, hotuba zikatolewa, na turubai la wageni likasimikwa juu ya mteremko. Wazee walikaa barabarani kwenye viti vya plastiki. Keki ilikuwa nzuri.

26 Oktoba 2024: Choo

Hii ndiyo hatua iliyotuchukua muda mrefu, na ningeanza upya ningeanza nayo.

Kujenga choo kipya tuliambiwa zaidi ya milioni nne, kabla ya kumlipa mtu wa kukisafisha, na choo cha umma kisicho na mwenyewe hugeuka dampo. Msikiti ulikuwa tayari kutoa vyoo vyake kwa moyo mweupe, lakini kinamama walisita, na wasio Waislamu wakaona haya. Ofisi ya mtaa hufungwa saa tisa na nusu, wakati wazee hupenda kutoka jua likipungua.

Jibu lilitoka kwa mama mwenye nyumba inayopakana na eneo. Choo chake cha uani kina mlango wa nje, kilikuwa cha wapangaji waliohama. Tulikubaliana hivi kwa maandishi: kikundi kinakarabati, kinalipa 40,000 kwa mwezi kwa maji na sabuni, yeye anashika ufunguo, na mzee akifika hodi moja inatosha.

Kilikuwa cha kuchuchumaa. Jaribio la kwanza lilikuwa kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, cha 12,000. Kilipasuka mguu mmoja mtu akiwa amekaa, tunashukuru alikuwa ameshika ukuta. Kwa magoti ya wazee usitafute njia ya mkato hapo. Tuliweka bakuli la kukaa, bomba la ukutani la kushikia, mlango unaofunguka kwa nje ili mtu akianguka ndani asiuzuie, na komeo inayoweza kufunguliwa kwa sarafu kutoka nje. Kizingiti kiliondolewa. Jumla yote na kile kiti kilichopasuka: 415,000.

Ndani ya wiki chache wazee waliokuwa wanakuja nusu saa walianza kukaa hadi adhana ya magharibi. Yule bibi aliyekaa kwenye mzizi Januari sasa anauza karanga chini ya mkungu, na anamwelekeza kila mgeni choo kilipo bila kuulizwa.

14 Desemba 2024: Baada ya uchaguzi

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa tarehe 27 Novemba, na uongozi wa mtaa ukabadilika. Muda si mrefu lori likamwaga mchanga na matofali kwenye pembe ya kaskazini ya eneo. Kuna mtu alikuwa ameambiwa anaweza kuweka fremu za maduka pale.

Tulikuwa na muhtasari wa mkutano wa Februari wenye muhuri, barua ya mtaro, na nakala ya mchoro. Hatukuwa na mipaka inayoonekana ardhini, na mwenye matofali alishikilia kuwa pembe hiyo si sehemu ya eneo. Ilibidi mpima aje atafute mawe ya mipaka. Mawili alikuta yamefukiwa na takataka, la tatu liko ndani ya banda la chips. Mwenyekiti mpya, baada ya kuona mchoro na wazee waliojaa kikaoni, aliamuru matofali yaondoke. Yaliondoka, mchanga ukabaki, watoto wanauchezea.

Mawe yamepakwa chokaa nyeupe, na nakala za karatasi zote ziko kwenye nyumba tatu tofauti. Mpima alikataa malipo, mama yake anakaa mtaani.

8 Februari 2025: Hesabu

Jumla hadi leo ni 3,985,000, bila ile 40,000 ya choo kila mwezi. Kati ya hizo, 1,500,000 zilikwenda kwenye kazi zilizorudiwa: mabenchi ya chuma, mifuniko mizito, mteremko mfupi na vinguzo. Mtaa utakaofuata unaweza kukwepa karibu zote. Mabenchi matatu ya chuma yaliyobaki tuliyapeleka kijiwe cha bodaboda, kwenye kivuli, na vijana hawajalalamikia urefu wake.

Mtaro unasafishwa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kulabu mbili zimeanza kutu, zitapakwa rangi kabla ya masika. Bado hatujapata dawa ya kuvuka barabara ya juu, kwa hiyo wazee wa upande ule hawafiki, na tuta tuliloomba halijajibiwa. Taa ya sola kwa ajili ya saa za jioni fundi ametaja 380,000. Mkononi tuna 210,000, na mchango unaofuata tumeusogeza hadi baada ya Ramadhani.